Viongezo vya tovuti: namna ya kuchagua vinavyosaidia kazi ya amani



Mashirika mengi ya amani mashariki ya Kongo leo yana tovuti. Zingine zilijengwa na kijana wa mtaa aliyesomea kompyuta, zingine na mfadhili kutoka Ulaya wakati mradi ulipokuwa na pesa, na zingine na mwanachama aliyejifunza mwenyewe usiku, umeme uliporudi. Tovuti hizo zinabeba ripoti za mikutano ya upatanishi, matangazo ya kamati za amani, vipindi vya redio na picha za watu waliokubali kusema. Na karibu zote zinafanana kwa jambo moja: ndani yake mna vitu vidogo vilivyoongezwa na mtu fulani, siku fulani, na hakuna tena anayekumbuka kazi yake.

Vitu hivyo vidogo ndivyo tunavyotaka kuzungumzia. Tunaviita viongezo. Watumiaji wa WordPress huviita plagini, wale wa Drupal huviita moduli, na wale wa Joomla huviita ekstensheni, lakini jambo ni lile lile.

Tuanze na mfano. Shirika moja la wenzetu, ambalo hatutalitaja, lilitaka wanavijiji waweze kuleta habari juu ya migogoro ya ardhi bila kusafiri hadi mjini. Kijana aliyeshughulikia tovuti alitafuta kiongezo cha fomu, akakiweka kwa dakika kumi, na kazi ikaanza. Kila ujumbe uliingia kwa barua pepe ya shirika. Wote walifurahi. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba kiongezo kile kiliweka pia nakala ya kila ujumbe kwenye faili moja ndani ya seva, na faili ile haikuwa na kufuli. Miezi ikapita, na siku moja mtu akatafuta jina la kijiji chake kwenye intaneti. Akakuta orodha: nani amemshitaki nani, juu ya shamba gani, na namba za simu.

Hakuna aliyepigwa. Lakini wazee wawili wa kamati walilazimika kutembea nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, na familia zingine hazikurudi tena kwenye mazungumzo. Kazi ya miaka miwili iliharibiwa na jambo la dakika kumi. Ndiyo maana tunasema: kuchagua kiongezo si shughuli ya fundi peke yake. Ni shughuli ya kamati nzima.

KIONGEZO NI NINI?

Mfumo wa kuendesha tovuti ni programu inayokaa kwenye seva. Inamwezesha mtu asiyejua kuandika kodi kuandika habari, kuweka picha na kuzichapisha. Unaojulikana zaidi ni WordPress, ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Leo unaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Drupal ulitolewa mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert. Mwaka huo huo, nchini Ufaransa, ulitoka mfumo uitwao SPIP, ambao mashirika ya nchi zinazosema Kifaransa yaliupenda kwa sababu ulitengenezwa kwa Kifaransa tangu mwanzo. Joomla ulizaliwa mwaka 2005, na jina lake ni neno letu sisi: jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kuonyesha kwamba ni kazi ya watu wote kwa pamoja.

Mifumo hii yote ni ya bure na kodi yake iko wazi. Kila mmoja unafanya kazi ya msingi: kuandika, kupanga, kuchapisha. Ukitaka zaidi ya hapo, kwa mfano fomu, kalenda ya mikutano au ramani, unaongeza kipande cha programu kilichotengenezwa na mtu mwingine. Kwenye ghala la WordPress peke yake kuna viongezo vya bure zaidi ya 50,000.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kiongezo kikishawashwa, kwa kawaida kinapata uwezo ule ule wa mfumo wenyewe. Kinaweza kusoma habari zote zilizohifadhiwa, kuandika faili mpya na kutuma barua. Si mgeni unayemkaribisha sebuleni. Ni mtu uliyempa funguo za nyumba nzima. Kwa hiyo swali la kwanza si «kiongezo hiki ni kizuri?» bali «mtu huyu tunamwamini na funguo zetu?»

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Mwaka 2017 kiongezo kimoja cha WordPress kilichoitwa Display Widgets, kilichokuwa kwenye tovuti kama 200,000, kiliuzwa na mwenyewe kwa mtu mwingine. Mnunuzi akatoa toleo jipya lenye mlango wa nyuma, nalo likaanza kuweka kurasa za matangazo kwenye tovuti za watu bila wao kujua. Wenye tovuti hawakuwa wamekosea walipochagua. Mlinzi ndiye aliyebadilika.

Mwezi wa Septemba 2020, kiongezo cha kusimamia faili, WP File Manager, kilichotumika na tovuti zaidi ya 700,000, kiligunduliwa kuwa na kasoro iliyomruhusu mtu yeyote kuingiza faili zake bila neno la siri. Toleo la kurekebisha lilitoka upesi, lakini tovuti ambazo hazikusasishwa zilishambuliwa. Na wengi waliokuwa nacho hawakukihitaji: walikiweka siku moja kwa kazi moja, wakakisahau.

Hata mfumo wenyewe unaweza kuwa na kasoro. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza kasoro kubwa katika toleo lake la 7. Wiki mbili baadaye walinzi wa mfumo huo wakaonya kwamba tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba tangu tangazo ichukuliwe kuwa imeingiliwa. Saa saba! Kwetu, saa saba zinaweza kupita bila umeme.

Masomo ni matatu. Kwanza, kila kiongezo ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Pili, kiongezo kizuri leo kinaweza kuwa kibaya kesho. Tatu, kiongezo kisichotumika ni hatari bila faida yoyote.

MASWALI SABA KABLA YA KUWEKA KIONGEZO

1. Tunahitaji nini hasa?

Andikeni haja kwa sentensi moja, bila kutaja kiongezo chochote. Kwa mfano: «Tunataka wasikilizaji wa vijijini wapate kipindi chetu cha redio kwa simu ndogo.» Kama hamuwezi kuiandika haja hiyo, basi haipo. Mara nyingi haja inakuja baada ya kuona tovuti ya shirika kubwa yenye picha zinazokimbia. Hiyo si haja, ni tamaa.

2. Je, mfumo wenyewe haufanyi kazi hiyo tayari?

Viongezo vingi vinafanya kazi ambayo mfumo umekwisha kujifunza. WordPress ina kicheza sauti chake tangu mwaka 2013. Tangu Agosti 2020, toleo la 5.5, inachelewesha picha mpaka msomaji anapozifikia, inatengeneza yenyewe ramani ya kurasa kwa ajili ya injini za kutafuta, na inaweza kusasisha viongezo bila kusubiri mtu. Tovuti ya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa na viongezo vinne kwa kazi hizo nne. Vyote vinaweza kuondoka.

3. Nani anakitengeneza, na alikigusa lini mara ya mwisho?

Chukueni viongezo kutoka ghala rasmi la mfumo wenu, si mahali pengine. Ukurasa wa kila kiongezo kwenye ghala la WordPress unaonyesha tarehe ya toleo la mwisho, tovuti ngapi zinakitumia, kilijaribiwa na toleo gani la WordPress, na kama watu wanaouliza maswali wanajibiwa. Someni hayo kabla ya kutazama nyota. Kwenye Drupal, tafuteni alama ya ngao, inayosema kwamba moduli hiyo inafuatiliwa na kikundi cha usalama. Joomla ina orodha ya wazi ya ekstensheni zilizogunduliwa kuwa na kasoro. Kiongezo ambacho hakijaguswa kwa miaka miwili, kiacheni.

Na tuseme wazi juu ya nakala za wizi. Viongezo vya kulipa vinapatikana bure kwenye kurasa zingine, na rafiki anaweza kukuletea kwa ufunguo wa USB. Nakala hizo mara nyingi zimetiwa kodi ya siri ndani yake. Anayevunja kufuli ili akupe zawadi anaweza pia kubaki na ufunguo.

4. Kinakusanya nini, na kinapeleka wapi?

Hili ndilo swali kubwa zaidi kwa kazi yetu. Viongezo vya kuhesabu wasomaji, vitufe vya kushirikisha habari kwenye mitandao, ramani na video za mahali pengine vyote vinaweza kupeleka habari za msomaji kwa kampuni ya nje: anwani yake ya intaneti, ukurasa aliosoma, saa aliyosoma. Kwa duka la nguo si neno kubwa. Kwa mtu anayesoma namna ya kutoka katika kundi lenye silaha, ni neno kubwa sana.

Sheria nayo inatuhusu. Kongo ina Kanuni yake ya mambo ya dijitali, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za watu binafsi. Umoja wa Ulaya una sheria yake inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, na wafadhili wengi wa huko watauliza mnafanya nini na majina mnayokusanya.

5. Kina uzito gani kwa msomaji anayenunua mega?

Msomaji wetu analipa kila ukurasa kwa pesa yake. Tufanye hesabu. Picha moja ya simu yenye megabaiti 4, kwenye mtandao wa kilobiti 256 kwa sekunde, inachukua dakika mbili kufika. Picha ile ile ikipunguzwa hadi kilobaiti 100 inachukua sekunde tatu. Kiongezo cha kuonyesha picha zinazozunguka, chenye picha tano kubwa, kinamfanya msomaji asubiri dakika kumi. Hatasubiri. Atafunga, na mega zake zitakuwa zimekwenda bure.

6. Kinagharimu nini mwaka wa pili?

Viongezo vingi ni vya bure kwa sehemu tu. Sehemu nzuri inalipiwa kila mwaka, kwa dola, na kwa kadi ya benki ambayo shirika pengine halina. Mradi ukiisha, malipo yanakatika, matoleo mapya hayaji tena, na kiongezo kinaanza kuoza polepole. Kama mnaweka kiongezo cha kulipa, andikeni bei yake kwenye bajeti ya miaka mitatu. Kama haiingii, chagueni cha bure kinachofanya kidogo.

7. Tukikiondoa, nini kitabaki?

Viongezo vingine vinaandika alama zao ndani ya makala zenu. Siku mtakapoviondoa, kila ukurasa utajaa mabano na herufi zisizo na maana. Vile vya kujengea kurasa nzima kwa kuvuta na kuachia vina tabia hiyo zaidi. Kabla ya kuandika makala mia moja ndani ya kiongezo, andikeni moja, kizimeni, mwone kinachobaki.

VIONGEZO VINAVYOSTAHILI KUPEWA NAFASI

Baada ya maswali hayo orodha inakuwa fupi. Kwa shirika dogo la amani, tunapendekeza mambo matano, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni nakala ya akiba. Kwa WordPress kuna UpdraftPlus, kwa Joomla kuna Akeeba Backup, kwa Drupal kuna Backup and Migrate. Vyote vina sehemu ya bure inayotosha. Kanuni ni moja: nakala isikae kwenye seva ile ile peke yake. Seva ikipotea, nakala imepotea nayo. Shusheni nakala moja kila mwezi kwenye diski, na diski ikae katika nyumba nyingine. Tena, jaribuni kuirudisha angalau mara moja kwa mwaka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

La pili ni kufuli ya mlango. Tafuteni kiongezo kinachozuia mtu kujaribu maneno ya siri mara nyingi mfululizo, na kinachodai uthibitisho wa pili kwa simu. Kimoja kinatosha. Viongezo viwili vya ulinzi vilivyowekwa pamoja mara nyingi vinagombana, na mwishoni ni mwenye tovuti ndiye anayefungiwa nje. Chagueni pia uthibitisho unaofanya kazi bila mtandao, ule wa namba zinazobadilika ndani ya simu, kwa sababu ujumbe mfupi hauji siku zote.

La tatu ni fomu ya kuwasiliana. Contact Form 7 ya WordPress ni nyepesi na haihifadhi ujumbe ndani ya tovuti; inautuma kwa barua pepe tu. Kwa mashirika mengi huo ni upungufu, kwa sababu barua ikipotea njiani, ujumbe umepotea. Kwa sisi unaweza kuwa usalama, kwa sababu kisichohifadhiwa hakiibiwi kwenye seva. Webform ya Drupal inaweza kuhifadhi au kutohifadhi, kadiri mtakavyopanga. Chochote mtakachochagua, ulizeni machache. Je, mnahitaji kweli jina la ukoo na kijiji? Na habari ya hatari, kama vile ya mtu aliyetishiwa, isipitie fomu ya tovuti kamwe. Andikeni hivyo juu ya fomu yenyewe, kwa maneno makubwa.

La nne ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha rasmi. Tovuti ya amani inayosema Kifaransa peke yake inazungumza na wafadhili na wanafunzi wa chuo; mama wa sokoni haimfikii. Drupal tangu toleo la 8 la mwaka 2015, Joomla, na SPIP vinajua lugha nyingi bila kuongezewa kitu. WordPress inahitaji kiongezo: Polylang ina sehemu ya bure, WPML ni ya kulipa. Epukeni viongezo vinavyotafsiri kwa mashini bila mtu kusoma. Katika makubaliano ya amani neno moja lililotafsiriwa vibaya linaweza kuwasha moto uliokuwa umezimwa.

La tano ni wepesi. Kiongezo cha kuhifadhi kurasa zilizo tayari, kama WP Super Cache, kinaipunguzia seva kazi ya kuutengeneza ukurasa upya kwa kila msomaji. Drupal na Joomla zina uwezo huo ndani yake, inatosha kuuwasha. Kwa picha, kiongezo cha kupunguza uzito kinasaidia, lakini ni bora zaidi kuzipunguza kwenye kompyuta kabla ya kuzipandisha. Kwa sauti, hesabu ni hii: kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kina megabaiti karibu 29. Kwa kilobiti 32, sauti ya mtu inasikika vizuri na kipindi kinakuwa na megabaiti 7 tu. Hakuna kiongezo kinachoweza kufanya zaidi ya hapo.

VIONGEZO VYA KUFIKIRIA MARA MBILI

Ramani zinapendeza. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuzua mauaji, Wakenya walitengeneza programu iitwayo Ushahidi, iliyokusanya habari za watu kwa simu na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka huo huo ilijaribiwa pia kwa ajili ya vita vya mashariki ya Kongo. Ni kazi ya heshima. Lakini kila alama kwenye ramani inaonyesha mahali ambapo mtu alisimama aliposema. Kijiji chenye nyumba thelathini hakina siri. Kama mnaweka kiongezo cha ramani, wekeni alama kwenye makao ya eneo zima, si kwenye kijiji chenyewe, na chapisheni siku nyingi baada ya tukio.

Picha nazo zina ramani ndani yake. Simu nyingi zinaandika mahali na saa ndani ya kila picha. Mfumo unaweza kutengeneza nakala ndogo isiyo na habari hizo, lakini picha ya asili inabaki kwenye seva, na anayejua anaweza kuishusha. Ondoeni habari hizo kabla ya kupandisha, wala msitegemee kiongezo kiwafanyie.

Maoni ya wasomaji ni jambo la tatu. Akismet, inayokuja pamoja na WordPress, inazuia barua taka za biashara. Haiwezi kutambua neno la chuki la Kiswahili au la Kinyarwanda linalojificha ndani ya methali. Hilo linatambuliwa na mtu wa mahali pale tu. Kama hamna mtu wa kusoma kila siku, pangeni mfumo ushike kila maoni mpaka yakubaliwe, au fungeni sehemu hiyo kabisa. Ukuta wa shirika la amani usiandikwe matusi usiku wakati mwenye nyumba amelala.

Vitufe vya mitandao ya kijamii mwishowe ni vya kupunguzwa tu. Kiungo cha kawaida kinachofungua WhatsApp hakina uzito na hakimfuati msomaji. Kiongezo chenye vitufe kumi na viwili kina uzito, na kumi havibonyezwi na mtu.

NAMNA YA KUJARIBU

Msijaribu kiongezo kwenye tovuti ambayo watu wanaisoma. Kampuni nyingi zinazotunza tovuti zinaruhusu kutengeneza nakala ya majaribio. Kama haiwezekani, wekeni mfumo kwenye kompyuta ya ofisi. Inafanya kazi hata bila intaneti.

Fuateni hatua hizi. Chukueni nakala ya akiba. Wekeni kiongezo kimoja tu, si vitatu kwa siku moja, maana kitu kikiharibika hamtajua kipi kimekosea. Fungueni tovuti kwa simu ya bei ndogo, si kwa kompyuta ya mkurugenzi. Jazeni fomu kama mwanakijiji, mkitumia jina la uongo, halafu litafuteni jina hilo kwenye seva: limehifadhiwa wapi, na nani anaweza kuliona? Shirika la mfano wetu wa kwanza lingefanya hatua hiyo moja tu, lingeokoka.

Kiongezo kikivunja tovuti, msiogope. WordPress tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 hutuma barua kwa msimamizi yenye njia ya kuingia na kukizima. Kama barua haiji, badilisheni jina la folda ya kiongezo kwenye seva, nacho kitazimika.

NANI ANASHIKA FUNGUO?

Swali la mwisho si la kiufundi. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa wiki karibu tatu. Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watu wengi wakahama. Katika siku kama hizo, anayejua neno la siri anaweza kuwa njiani, bila simu, au asiye salama. Tovuti inabaki peke yake, na majina yaliyomo ndani yake pia.

Kwa hiyo watu wawili wanaoishi miji miwili tofauti wawe na uwezo wa kuingia. Mmoja wao awe na uwezo wa kuifunga tovuti nzima kwa siku moja, akiona kwamba yaliyomo yanaweza kuhatarisha watu. Wekeni karatasi moja yenye orodha ya viongezo vyenu: jina, kazi yake, nani alikiweka, tarehe. Maneno ya siri yasiandikwe humo. Na kila baada ya miezi mitatu kamati ikae, isome karatasi hiyo, na iulize juu ya kila kiongezo: bado tunakihitaji? Kisichopata mtu wa kukitetea kifutwe. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu faili zake zinabaki kwenye seva, na kasoro ikigunduliwa ndani yake zinaweza kuwa mlango.

Tovuti yenye viongezo sita vinavyojulikana na kila mwanachama ni bora kuliko tovuti yenye arobaini vinavyojulikana na mtu mmoja aliyehamia Kampala. Katika baraza la wazee hatumkaribishi kila apitaye ili kiti kisibaki wazi. Tunauliza: ametoka wapi, anatafuta nini, na nani anamdhamini? Tufanye hivyo pia kwa tovuti zetu, kwa ajili ya wale waliotuamini na majina yao.